Bahari ya Arusha Iko Tanga

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta, na dereva wa bodaboda pale Ngarenaro hufungua simu kabla hajawasha pikipiki. Anatafuta mstari mmoja tu: Arusha, petroli, shilingi ngapi kwa lita. Ni wachache wanaosoma maelezo yanayotaja mafuta hayo yameingilia bandari gani. Kwa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga yenyewe, hesabu huanzia kwa mafuta yaliyoshushwa Tanga. Gharama za meli hujumlishwa na nauli ya lori linalopita Segera, Same na Moshi, na mwisho wa hesabu ndiyo nauli anayotozwa abiria wa Kijenge asubuhi hiyo.

Mji uliokaa chini ya Mlima Meru, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, una bahari yake. Iko Tanga. Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu kipande hicho cha pwani ambamo bandari, fukwe na viwanda vimebanana, na jinsi mambo yake yanavyoigusa Arusha kuliko wengi wanavyodhani. Habari za Tanga hupokelewa huku juu kama habari za mkoa wa mbali, wakati kwa kweli ni habari za nyumbani.

Kwanza, mji wenyewe. Sensa ya 2022 iliikuta Tanga ina watu zaidi ya 390,000, na Jiji la Arusha zaidi ya 617,000. Tanga ni mji wa mwendo wa taratibu, mji wa baiskeli, ambao mitaa yake ya Ngamiani inaitwa kwa namba: Barabara ya Tano, ya Nane, ya Kumi na Mbili. Mtu akishuka kuelekea majini hufika Raskazone, penye nyumba kubwa za zamani na miti mikubwa, watu wakioga baharini jioni. Mbele yao ni ghuba, Kisiwa cha Toten, na meli zinazoingia. Akirudi upande wa bara kwa barabara ya Segera atafika Pongwe, penye kiwanda cha saruji ambayo nembo yake ya Simba inajulikana na kila fundi wa Sakina na Njiro. Na kaskazini ya ghuba iko rasi ya Chongoleani, kijiji cha wavuvi, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia baada ya safari ya kilomita 1,443. Vyote hivyo, pwani ya kuogea, gati, tanuru la saruji na matenki ya mafuta, viko katika eneo ambalo mtu wa Arusha angelizunguka kwa daladala kabla ya chakula cha mchana.

Kilichoifunga Arusha na ghuba hiyo ni reli. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua: ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Arusha ilisubiri muda mrefu. Boma lilikuwa limejengwa tangu 1900 na walowezi walikuwa wameshaanza kulima miteremko ya Meru, lakini mzigo wao ulishuka Moshi kwa mikokoteni ya ng'ombe. Treni iliingia Arusha mwaka 1929, Wajerumani wakiwa wameshaondoka na Waingereza ndio wenye nchi.

Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Amerika. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 mashamba yalienea Muheza, Korogwe na mbele zaidi kandokando ya reli, hata kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za nyuzi na kuongoza dunia. Stesheni za njia ile zilikuwa stesheni za mkonge. Kamba, magunia, mazulia. Yote yalipita gati la Tanga. Kisha zikaja kamba za plastiki, na bei ikaanguka.

Lakini si mkonge unaostahili kukumbukwa zaidi na mtu wa Arusha. Ni viwanda viwili ambavyo historia yake husimuliwa mbalimbali, ilhali ni historia moja.

Cha kwanza kilikuwa Arusha kwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mji huu ulipewa viwanda vya aina nyingi, na kikubwa zaidi kwa jina kilikuwa General Tyre East Africa, kiwanda cha matairi kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa muda mrefu basi, lori au trekta la nchi hii halikukosa tairi lililotoka chini ya Mlima Meru. Kiwanda hicho kilikuwa na mashamba ya mpira, na moja kati ya hayo liko Kihuhwi, wilayani Muheza, bondeni chini ya Usambara. Utomvu wa miti ya Tanga ulikuwa njiani kuwa tairi la Arusha. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na jitihada za kukifufua zimetajwa bungeni na majukwaani tangu wakati huo.

Cha pili kilikuwa Tanga, na malighafi yake ilitoka huku. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwaka 1972. Magharibi ya Arusha, ukipita Makuyuni kwenda Babati, kando ya Ziwa Manyara, kuna kilima cha Minjingu. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na ndege walao samaki walitaga na kufa hapo kwa vizazi visivyohesabika. Vinyesi na mifupa yao viligeuka kuwa fosfeti. Mgodi ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili fosfeti hiyo isafirishwe hadi Tanga kutengenezwa mbolea, nayo mbolea irudi bara kwa wakulima wa mahindi na maharage. Mpango ulikuwa mzuri. Jiwe linashuka, mbolea inapanda, reli inapata mzigo kwenda na kurudi. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Minjingu ikabaki na mlima wa fosfeti bila mnunuzi wake mkubwa. Ilijitafutia njia: leo mbolea ya Minjingu hutengenezwa palepale penye mgodi na kuuzwa kwa jina lake.

Tazama basi mfuatano huo. Mpira wa Muheza ulipanda Arusha, fosfeti ya Minjingu ilishuka Tanga, na katikati palikuwa na njia ya reli ya kilomita zipatazo 440. Wengi huzungumzia kufa kwa viwanda vya Arusha kana kwamba kila kimoja kilikufa kwa ugonjwa wake: mitambo mibovu, mitaji, uongozi, bidhaa za nje. Sababu hizo zilikuwapo. Ila mlima na bahari vilikuwa vimepangwa kufanya kazi pamoja, na kiungo kilipolegea kila upande ulidhoofika ukiwa peke yake. Treni ya abiria ya kaskazini ikasimama. Nyasi zikaota kati ya mataruma pale stesheni ya Arusha, karibu na Unga Limited, mtaa uliopewa jina na kinu cha unga, na kizazi kizima kikakua bila kusikia honi ya treni.

Bandari yenyewe nayo ilikuwa na dosari ya kuzaliwa nayo. Kina cha maji gatini kilikuwa mita tatu hivi, kwa hiyo meli kubwa haikuweza kusogea. Ilitia nanga ndani ya ghuba, kama kilomita 1.7 kutoka gatini. Kreni ya meli ilishusha mzigo juu ya tishari. Tagi ikalivuta tishari taratibu hadi ukingoni. Kreni nyingine ikaunyanyua mzigo uleule mara ya pili na kuuweka nchi kavu. Kila kontena na kila robota viliguswa mara mbili, vikalipiwa mara mbili, vikachukua siku ambazo mwenye meli alizihesabu kwa dola. Bahari ikichafuka, kazi ilisimama. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Arusha, ambaye bandari iliyo njiani kwake ni Tanga, alizoea kuagiza mzigo kupitia Dar es Salaam au Mombasa, na akawazoesha wanawe hivyohivyo.

Dosari hiyo imetibiwa. Kuanzia 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ilimpa kazi mkandarasi China Harbour Engineering Company, na mradi wa awamu mbili uliogharimu shilingi bilioni 429.1 ukaongeza kina hadi mita 13 na kujenga upya gati lenye urefu wa mita 450. Uwezo wa bandari uliokuwa tani 750,000 kwa mwaka ulitajwa kupanda hadi tani milioni 3. Meli sasa inafunga kamba gatini, mzigo unashuka mara moja, unapanda lori au behewa. Kwa mtu aliyeona matishari yakivutwa ghubani miaka nenda rudi, hilo ni jambo la kushangilia, na watu wa kaskazini wanastahili kulishangilia kama lao.

Wakulima wa miteremko ya Meru ndio wenye sababu kubwa zaidi. Maua na mboga za Tengeru na Usa River kwa miaka mingi zimepakiwa kwenye malori usiku, zikavuka Namanga, zikapandishwa ndege Nairobi. Parachichi zimezoea kushuka Mombasa. Chama cha wazalishaji wa mboga, matunda na maua, TAHA, chenye makao yake hapahapa Arusha, kimekuwa kikisukuma mazao hayo yapitie bandari za nchini. Madai hayo yana haki. Lakini parachichi halisubiri hotuba: linahitaji kontena la baridi lenye umeme usiokatika, meli yenye ratiba inayoaminika, na ukaguzi unaomalizika siku hiyohiyo. Gati refu ni sehemu ya jibu. Meli yenye kontena za baridi itaitika pale itakapohakikishiwa mzigo wa kutosha kila juma, na mzigo huo utakusanywa na wakulima wa Meru, Hai na Lushoto wakishikana.

Sokoni Kilombero, jijini Arusha, biashara hiyo tayari ipo kwa kiwango cha watu wadogo. Machungwa ya Muheza hupangwa chini kwa mafungu, ya kijani yenye madoa, matamu kuliko yanavyoonekana. Nazi za Pangani huletwa kwa magunia, na mwenye kuzinunua huzitikisa sikioni kwanza asikie kama zina maji. Lori lililozileta halirudi tupu: hupakia karoti, viazi, vitunguu na maharage ya huku. Hakuna mradi wa serikali uliowafundisha madereva hao kwamba Arusha na Tanga ni uchumi mmoja. Wamelijua hilo kwa kuhesabu dizeli.

Upande wa fukwe, Arusha imekosea hesabu. Mji huu unaishi kwa utalii. Mgeni akimaliza Serengeti na Ngorongoro hupelekwa uwanja wa ndege, akaruka hadi Zanzibar kupumzika ufukweni. Zanzibar inastahili wageni wake. Lakini kwa barabara, bila kupanda ndege, kuna Ushongo kusini ya Pangani, mchanga mweupe na minazi. Kuna magofu ya Tongoni yenye msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili. Kuna Saadani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo ndiyo hifadhi pekee nchini ambamo tembo na twiga hufika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, inajengwa kwa lami pamoja na daraja kubwa la kuvuka Mto Pangani. Kampuni ya utalii ya Arusha inayongoja barabara hiyo ikamilike ndipo ianze kufikiri, itakuta wenzake wameshafunga mikataba na hoteli zote.

Na wapo Waarusha ambao hawana fedha za Zanzibar wala za Ushongo, nao huenda Chemka, ile chemchemi ya Kikuletwa yenye maji ya buluu upande wa Boma Ng'ombe. Jumapili pale ni ufukwe kamili: muziki, nyama choma, watoto wakijirusha majini kwa kamba. Maji hayo, msikilizaji, hayatulii pale. Yako safarini kwenda baharini.

Hapa ndipo jambo lenyewe hasa lilipo, kuliko reli na kuliko gati.

Mvua inayonyesha juu ya Mlima Meru hushuka kwa mito ambayo kila mkazi wa Arusha ameivuka kwa miguu: Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, Kijenge. Inaungana, inaingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa unapokea maji ya chemchemi na ya Kilimanjaro hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani unatoka Mto Pangani. Unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya New Pangani Falls, ya megawati 68, iliyoanza mwaka 1995, kisha unamalizikia baharini kati ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni. Njia nzima ni karibu kilomita 500. Bonde hilo liko katika mikoa minne: Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Ndiyo mikoa minne ileile ya bei ya mafuta ya Tanga. Mafuta yanapanda kutoka baharini kwa njia ile ambayo maji yanashuka kwenda baharini.

Kila kitu kinachotupwa Themi, kwa hiyo, kina anwani. Anayepita daraja la mto huo karibu na soko au gereji msimu wa kiangazi ataona mwenyewe: mifuko, chupa, maji yenye rangi ya mafuta machafu, matambara, povu la sabuni. Mvua ya Machi ikija, vyote huondoka kwa usiku mmoja, na watu husema mto umejisafisha. Mto haujajisafisha. Umehamisha. Vinavyozama huzama Nyumba ya Mungu, ambako watu huvua perege wanaouzwa Moshi na Arusha, vinavyoelea huendelea.

Na upungufu wa maji ni mbaya kama uchafu. Juu huku kila mtu anavuta kidogo: mifereji ya wakulima, mashamba ya maua na kahawa, majumba mapya, na chini zaidi mashamba ya miwa ya TPC pale Arusha Chini. Hakuna anayejiona mlafi. Kwenye mlango wa mto, Pangani, matokeo yanaonekana kwa ulimi: mto ukipungua nguvu, bahari huupanda, maji ya chumvi yakaingia bara hadi kwenye mashamba na visima, na wakulima wa kandokando ya mto wameshuhudia minazi na mazao mengine yakidhoofika. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991 na yenye ofisi kuu Moshi, ndiyo inayogawa vibali vya maji hayo. Kazi yake ni ngumu, na huzungumzwa redioni mara chache mno kuliko mpira wa miguu.

Mbele ya mlango huo wa mto, kuelekea kaskazini, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka duniani pamoja na dinosaria, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa vijiji kama Kigombe walianza kumkuta kwenye nyavu za jarife zilizotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa: samaki mzito, wa buluu yenye madoa meupe, mapezi yake mithili ya viungo. Wakati huohuo kulikuwa na mpango wa kujenga bandari mpya ya kina kirefu Mwambani, ndani ya eneo lilelile. Uamuzi wa kuongeza kina bandari ya zamani badala ya kukimbilia Mwambani umempa silikanti nafuu, na umethibitisha kwamba bandari na bahari hai vinaweza kupewa nafasi katika pwani moja, mradi watu wakae chini wapange. Uvuvi wa baruti uliokuwa umeichafulia Tanga jina kwa miongo mingi nao ulipungua sana baada ya msako mkali wa kati ya miaka ya 2010. Miamba iliyopasuliwa haioti upya kwa mwaka mmoja. Inahitaji maji safi ili ipone, na sehemu ya maji hayo inatoka Meru.

Anayetaka kujua pwani ya namna hii inaweza kufika wapi, aitazame Durban. Ni bandari kubwa ya Afrika Kusini, mlango wa bahari wa Johannesburg iliyo zaidi ya kilomita 550 bara. Ina fukwe mashuhuri katikati ya mji. Na kusini yake kuna mitambo ya mafuta na kemikali iliyokaa ubavuni mwa makazi ya watu, ambao wamelalamikia hewa yao kwa miongo mingi. Aprili 2022 mvua kubwa ilinyesha. Watu zaidi ya 400 walikufa, makontena yakaelea barabarani, na mitambo ya majitaka ikavunjika. Kinyesi kikaingia baharini na fukwe zikafungwa kwa miezi. Hoteli zilikosa wageni kwa sababu ya mabomba ambayo hakuna mtalii aliyewahi kuyafikiria. Mombasa nayo ina kidonda chake: mtaa wa Owino Uhuru, ambako moshi na majitaka ya kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri chakavu viliwaletea wakazi sumu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za mahakama huku wakazi wakiugua.

Tanga bado haijafika huko, na nafasi ya kutofika ipo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba limesanifiwa kupashwa moto njia yote hadi Chongoleani, ambako yatahifadhiwa na kupakiwa melini. Wavuvi waliokuwa wakivua mbele ya rasi hiyo wanahitaji kujua kwa maandishi ni wapi watavua, nani atakuja mafuta yakimwagika, na atafika kwa muda gani. Kiwanda kinaweza kuwa jirani mwema: pale Hale, mabaki ya mkonge ambayo zamani yalimwagwa yakaoza na kuchafua maji yaliwahi kutumiwa kuzalisha gesi na umeme, mradi uliotazamwa na wataalamu wa nchi nyingi. Mfano upo ndani ya mkoa wenyewe.

Arusha ilipata onyo lake Aprili 2024, mafuriko yalipolizoa gari la wanafunzi kata ya Muriet na watoto wakapoteza maisha. Korongo lililojaa siku ile hushuka kuelekea bonde lilelile. Mji uliojengwa juu ya njia za maji hauwezi kusema mafuriko ni shida ya watu wa chini.

Turudi relini, maana ndipo penye hatua iliyo karibu. Treni ya mizigo ilirudi Moshi mwaka 2019, ya abiria ikafuata Desemba ya mwaka huo, na Oktoba 2020 treni iliingia tena Arusha baada ya kimya cha takriban miaka 30. Watu walijaa stesheni kuitazama, wazee wakiwaonyesha wajukuu. Treni hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya Dar es Salaam, si ya Tanga. Karibu na Korogwe, pale Mruazi, reli hugawanyika: mkono mmoja unashuka kusini kwenda Ruvu kwa kiungo kilichojengwa mwaka 1963, na mwingine unaendelea mashariki hadi Tanga. Upo pia mpango mkubwa unaotajwa miaka mingi, reli ya kisasa kutoka Tanga hadi Musoma kupitia Arusha, wenye matawi ya kwenda Minjingu na Engaruka penye magadi. Mpango huo ni mzuri na unastahili fedha. Lakini reli ya zamani ya mita moja ipo leo, na saruji ya Simba inayotumika Arusha, mji unaojengewa uwanja wa mashindano ya AFCON ya 2027 kule Olmoti, hutoka kiwanda kilicho kando ya njia hiyo. Kila behewa la saruji linalopanda kwa treni linaondoa lori moja au mawili kwenye barabara ya Same, na kila behewa linaloshuka na mbolea ya Minjingu au maharage ya Monduli linazipa meli za Tanga mzigo wa kurudi nao.

Shirika la Reli linaweza kuanza na jambo dogo kabla ya mashindano hayo: mabehewa mawili ya abiria yanayokatwa Korogwe mwisho wa juma na kuvutwa hadi Tanga, yenye ratiba iliyobandikwa ukutani na kufuatwa. Wapo wanafunzi wa Arusha wanaomaliza kidato cha nne hawajawahi kuiona bahari, ilhali reli inayokwenda huko inapita nyuma ya nyumba zao.